Marehemu Ken Okoth: Mtoto wa Kibra Aliyelipa Deni Lake kwa Madarasa



Wapenzi wasomaji, mwezi wa Januari, baada ya sala ya alasiri, alitujia barazani mama mmoja wa mtaani kwetu akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwamo barua ya binti yake ya kuitwa shule ya upili ya bweni, orodha ya karo, na karatasi ya vitu vya kununua: godoro, sanduku la bati, jozi mbili za viatu vyeusi, mashuka na ndoo. Mama huyu ni mjane. Riziki yake ni mahamri na mbaazi anazopika kabla ya alfajiri na kuuza mlangoni kwake. Kwa siku kumi alikuwa amezunguka huku na huko akitafuta msaada. Katika afisi moja aliambiwa aje kwanza kwenye mkutano wa hadhara, avae fulana yenye picha ya mheshimiwa na apige makofi, kisha jambo lake litatazamwa.

Hakuja kwetu kulalamika. Alikuja na swali. Alitaka kujua kama fedha hizi za basari ni mali ya mheshimiwa, ambaye akipenda hutoa na akichukia hunyima, au ni haki ya mtoto wake. Ikiwa ni sadaka, alituambia, yuko tayari kushukuru na kupiga makofi. Lakini ikiwa ni haki, makofi ni ya nini?

Siku ile tulimjibu kwa ufupi, na jibu letu halikuturidhisha sisi wenyewe. Tumelifikiria tangu hapo. Tumeona njia iliyo bora ya kulijibu ni kusimulia habari ya mtu mmoja ambaye alipita katika umaskini huo huo, akapanda hadi kuwa kiongozi katika jiji kuu la nchi yetu, na akaonyesha kwa vitendo namna fedha za umma zinavyoweza kumfikia mtoto wa mama kama huyu. Mtu huyo ni marehemu Ken Okoth, mbunge wa kwanza wa Kibra. Hakuwa mtu wa pwani wala hakuwa wa dini yetu. Tunamwandika kwa sababu uadilifu unatutaka tulitaje jema popote tunapolikuta.

Kibra tunayoijua na tusiyoijua

Mtu wa pwani akitajiwa Kibra, au Kibera kama wengi wanavyoitamka, huwaza mabati yaliyoshika kutu, vichochoro vyembamba na reli inayopita katikati ya nyumba. Hayo yapo kweli. Lakini Kibra ni mahali penye historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Waislamu. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya kikoloni iliwaweka huko askari wake wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la King's African Rifles, pamoja na wake na watoto wao. Baadaye ardhi hiyo ilitengwa rasmi kwa matumizi ya jeshi, nayo ilikuwa na ukubwa wa ekari 4,197. Jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi, na maana yake ni msitu.

Wajukuu na vitukuu vya askari hao ndio Wanubi wa Kenya. Walikaa zaidi ya miaka 100 bila hati ya ardhi waliyozaliwa juu yake. Mwaka 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya jamii, na ekari zilizobaki mikononi mwao zilikuwa 288. Mmoja wao, Yunis Ali, aliwahi kuwa mbunge wa Lang'ata wakati Kibra ilipokuwa ndani ya eneobunge hilo. Wengi wetu hapa pwani tuna jamaa waliooa au kuolewa Makina, na tunajua kwamba adhana husikika Kibra kama inavyosikika Mji wa Kale.

Baada ya Wanubi walikuja Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu na wengineo kutafuta kazi jijini, wakapanga vyumba na kuzaa watoto. Leo Kibra ni eneobunge lenye wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley/Kenyatta Golf Course na Sarang'ombe. Kwa muda mrefu wageni walikuwa wakiandika kwamba wanaoishi Kibera ni milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu, ikapata watu 170,070. Tunalitaja hilo kwa sababu watu wa mahali hapa wamezoea kuhesabiwa kwa makadirio ya huruma. Huyapata hayo makadirio mara nyingi zaidi kuliko wanavyopata choo, maji au darasa.

Ngazi, na mikono iliyoishika

Ken Okoth alizaliwa mwaka 1978 na kukulia Kibera, akilelewa na mama yake katika maisha ya shida. Alisoma Shule ya Msingi ya Olympic, shule ya serikali iliyoko upande wa Sarang'ombe, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana jijini kwa matokeo mema ya mitihani ijapokuwa wanafunzi wake walitoka vyumba vya mabati. Kutoka hapo alipata nafasi ya ufadhili katika Starehe.

Yafaa tusimame kidogo hapo Starehe. Kituo hicho cha wavulana kilianzishwa Nairobi mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Waafrika wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ili kuwapa makao na masomo watoto maskini wa jiji. Baadaye kikawa miongoni mwa shule bora za nchi, na bado kikawapokea kwa wingi watoto ambao wazazi wao hawana cha kulipa. Kijana wa Kibra alikaa dawati moja na watoto wa nchi nzima, na hapakuwa na aliyemuuliza baba yake ni nani.

Alipomaliza Starehe alipata ufadhili mwingine wa kwenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha St. Lawrence kilichoko jimbo la New York. Baadaye akasoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington. Kisha akawa mwalimu wa shule huko huko Marekani. Angeweza kukaa. Mshahara ulikuwapo, na maisha yalikuwa mepesi kuliko aliyoyaacha nyuma. Lakini moyo wake ulikuwa Kibra, na akiwa bado ng'ambo alianzisha taasisi iitwayo Children of Kibera Foundation kwa ajili ya elimu ya watoto wa mtaa aliotoka.

Tukiitazama safari hii kwa makini tutaona kwamba ni ngazi iliyoshikwa na mikono mingi. Mama alimlea na kumpeleka shule. Walimu wa Olympic walimfundisha katika madarasa yaliyojaa. Waanzilishi wa Starehe, ambao hakupata kuwa na undugu nao, walimwekea nafasi. Wafadhili wa mbali walimlipia chuo. Mtu aliyepandishwa namna hii ana njia mbili anapofika juu. Anaweza kusema nimefika kwa jasho langu, akaivuta ngazi ile juu asiifikie mwingine. Au anaweza kukumbuka walioishika, naye akateremsha mkono. Waswahili husema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Alipoingia bungeni

Katiba mpya ya mwaka 2010 iliongeza idadi ya maeneobunge. Lang'ata, ambayo marehemu Raila Odinga aliiwakilisha tangu mwaka 1992, iligawanywa, na Kibra ikapata kiti chake yenyewe. Katika uchaguzi wa Machi 2013 Okoth alisimama kwa tiketi ya chama cha ODM, akashinda na kuwa mbunge wa kwanza wa eneobunge hilo. Alikuwa na umri wa miaka 35 hivi. Mwaka 2017 wapigakura walimrudisha.

Lililomtambulisha zaidi lilikuwa elimu. Sehemu kubwa ya fedha za maendeleo zilizopita katika afisi yake alizielekeza katika madarasa na karo za watoto. Katika mtaa ambao vijana hutumiwa na wanasiasa kurusha mawe wakati wa uchaguzi na kusahauliwa baada yake, yeye alihimiza vijana hao warudi darasani. Ghasia za mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 ziliiumiza Kibra vibaya: watu waliuawa, nyumba na soko la Toi vikachomwa. Kiongozi aliyekuja baada ya majeraha hayo angeweza kuyatonesha kwa faida yake. Marehemu alichagua kuzungumza habari za shule.

Uadilifu unatutaka pia tuseme tulipotofautiana naye. Mwaka 2018 alitaka kupeleka bungeni mswada wa kuhalalisha bangi, akitoa hoja za tiba na uchumi. Sisi tunaoishi pwani, ambao tumezika vijana walioharibiwa na unga na tumeona kina mama wakiuziwa vyombo vya jikoni na watoto wao wenyewe, hatukuafikiana naye hata kidogo, na hatuafiki leo. Lakini hata hapo alisema mchana mbele ya watu alichokiamini, akakubali kupingwa mchana. Viongozi wengi tunaowajua husema msikitini jambo moja na kwingineko jambo jingine.

Fedha ni za nani?

Sasa turudi kwa swali la mama yetu mwenye bahasha.

Fedha za basari za mbunge hutoka katika Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, ambayo watu wamezoea kuiita CDF. Ilianza mwaka 2003. Sheria yake imetaka sehemu isiyopungua asilimia 2.5 ya mapato ya serikali kuu igawiwe maeneobunge yote ya nchi. Mapato hayo ni kodi. Mama anaponunua unga wa ngano wa mahamri, mafuta ya kukaangia na kibiriti cha kuwashia jiko, ndani ya bei za bidhaa hizo mna kodi. Muuza mbaazi naye ni mlipaji wa hazina hiyo, ingawa jina lake haliandikwi popote.

Mahakama zimewahi kuhoji uhalali wa hazina hii zaidi ya mara moja, na wapo wataalamu wanaosema mbunge hapaswi kuwa karibu na fedha za maendeleo, kwani kazi yake ni kutunga sheria na kuisimamia serikali. Mjadala huo una uzito wake. Lakini hata kabla haujamalizika, jambo moja halina shaka: fedha hizo si za mbunge. Kuna kamati ya eneobunge inayozisimamia, na sheria imetaka ndani yake wawemo wanawake wawili, mmoja wao akiwa kijana, pamoja na mwakilishi wa watu wenye ulemavu. Mzazi hujaza fomu, huambatisha barua ya shule na ushahidi wa hali yake, kamati hupitia maombi, na hundi huandikwa kwa jina la shule. Vilevile kaunti ina basari yake, ambayo maombi yake hupitia katika wadi, na hapo mtu wa kuulizwa ni mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti.

Kwa hivyo jibu letu kwa mama, na kwa kila mama asomaye makala haya, ni hili: fedha ni amana, na mheshimiwa ni mwenye kuaminiwa tu. Anayeaminiwa mali ya yatima akaigawa kwa wale wanaomsifu, huyo amehini amana, hata kama hakuweka shilingi moja mfukoni mwake. Anayeigawa kwa wanaostahiki anatimiza wajibu, na tunamshukuru kama tunavyomshukuru kila mtu afanyaye kazi yake vyema. Fulana na makofi havimo katika fomu.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya mfano wa Okoth. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa basari. Alijua kwa nafsi yake kwamba mtoto anayefadhiliwa hadaiwi unyonge na aliyemfadhili. Deni lake ni kusoma, kisha kumfungulia mwingine njia.

Ugonjwa alioutaja kwa jina lake

Mwezi wa Februari 2019 Okoth alijitokeza kwenye televisheni akaiambia nchi kwamba ana saratani ya utumbo mpana, na kwamba imefika hatua ya nne, yaani ya mwisho. Alikwenda Ufaransa kwa matibabu. Mwezi wa Julai alirejea nyumbani, akaonana na watu wake, na tarehe 26 Julai 2019 akafariki dunia Nairobi akiwa na umri wa miaka 41. Mwezi huo ulikuwa mzito kwa nchi. Tarehe 1 alikuwa amefariki Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, na tarehe 29 akafariki Gavana Joyce Laboso wa Bomet, wote kwa saratani.

Katika jamii zetu za pwani ugonjwa huu huitwa kwa mafumbo. Husemwa fulani ana ule ugonjwa, au ana donda la ndani, au amerogwa. Hata jina lake haligusi ulimi. Kwa sababu ya haya hiyo wengi hufika hospitali wakati daktari hana tena la kufanya. Marehemu alipoutaja ugonjwa wake hadharani, na kuwahimiza watu wapimwe mapema, alilifanya jambo la uongozi ambalo halihitaji bajeti.

Nasi tuseme waziwazi, kwa kuwa gazeti hili husomwa na familia. Damu katika choo kikubwa, mabadiliko ya haja yanayoendelea kwa wiki kadhaa, maumivu ya tumbo yasiyokwisha na kukonda bila sababu ni mambo ya kumpelekea daktari. Huenda ikawa bawasiri tu, na huenda ikawa jambo jingine. Saratani ya utumbo ikigunduliwa mapema hutibika mara nyingi. Kina mama, ambao ndio mnaojua nani nyumbani hali vizuri na nani ananyamaza na maumivu yake, msikubali jibu la ni tumbo tu kutoka kwa mume au mzee mwenye haya.

Kiti baada yake

Baada ya kifo chake palifanyika uchaguzi mdogo tarehe 7 Novemba 2019. Nchi nzima iliutazama, kwa sababu vigogo wa siasa waliugeuza kuwa uwanja wa kupimana nguvu. Mchezaji mashuhuri wa kandanda, McDonald Mariga, aligombea kwa tiketi ya chama cha Jubilee. Aliyeshinda ni nduguye marehemu, Bernard Okoth, ajulikanaye kwa jina la Imran, kwa tiketi ya ODM. Watu waliona kwamba nyumba iliyoanza kazi ndiyo itakayoimaliza.

Lakini katika uchaguzi wa mwaka 2022 chama hicho hicho kilimsimamisha mtu mwingine, Peter Orero, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Upili ya Dagoretti, naye akashinda. Kwetu sisi hilo lina mafunzo. Jina la ukoo lilifungua mlango mara moja, na mara ya pili halikutosha. Na mtaa ule uliokuwa umewakilishwa na mtu aliyewahi kushika chaki ulimchagua tena mwalimu. Huenda watu wa Kibra walikwisha kuonja ladha ya kiongozi anayeanza na darasa, wakaitaka tena.

Wapo waliokuwa wakimtazamia marehemu kugombea ugavana wa Nairobi mwaka 2022. Mwenyezi Mungu hakumwandikia. Lakini njia ya kutoka mtaani hadi juu ya jiji si ngeni, wala haikufungwa kwa jinsia wala kwa dini. Katika siku za madiwani, Nairobi ilipata kuongozwa na meya mwanamke, Margaret Kenyatta, kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Hiyo ni miaka zaidi ya 50 iliyopita, na tangu ugavana ulipoanza mwaka 2013 jiji hilo halijachagua gavana mwanamke.

Na huko London, Sadiq Khan, Mwislamu aliyezaliwa mwaka 1970 kwa baba dereva wa basi na mama mshonaji, alikulia pamoja na ndugu zake saba katika nyumba za halmashauri kusini mwa jiji. Mwaka 1994 akawa diwani wa mtaa wa Wandsworth, mwaka 2005 mbunge wa Tooting, na mwaka 2016 meya wa London, kisha akachaguliwa tena mwaka 2021 na 2024. Alianza na udiwani, akishughulikia mambo ya mtaa, na akautumikia kwa miaka 12. Tunawaambia vijana wetu wanaotaka kuruka moja kwa moja hadi ubunge wautazame mwendo huo. Kiti cha wadi, ambacho wengi hapa hukidharau, ndicho kilicho karibu zaidi na taa ya barabarani, mtaro wa maji machafu na chekechea ya mtoto wako.

Kina mama waulize nini

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo nyumba zetu zitabishiwa hodi na watu wengi. Watakuja na leso zenye picha, na pakiti za unga, na noti zilizokunjwa viganjani. Watakumbuka majina ya marehemu wetu na kuhudhuria hitima. Wengi wao watasema wamezaliwa hapa hapa na wanaijua shida yetu.

Kuzaliwa pamoja nasi ni jambo jema, lakini Kibra imezaa wengi, kama pwani ilivyozaa wengi, na si wote waliokumbuka. Tunawashauri kina mama wamuulize kila anayebisha maswali haya machache. Alipokuwa hana cheo, mtoto gani wa mtaa huu alimsaidia kusoma? Orodha ya waliopewa basari itabandikwa wapi, na kila mwaka itabandikwa mwezi gani? Wanawake waliomo katika kamati ni kina nani, na je, mama wa kawaida anaweza kuwafikia bila kupita kwa wapambe? Akikosea, au akiugua, au akishindwa, je, atatuambia mwenyewe au tutasikia kwa wengine?

Anayejibu vizuri asipewe kura kwa majibu peke yake. Majibu yaandikwe, yahifadhiwe, na mwaka wa pili arudishiwe. Kina mama wa vyama vya kuweka akiba na wa madrasa zetu mnajua kuandika daftari la michango bila kukosea shilingi. Daftari kama hilo la ahadi za mheshimiwa halitawashinda.

Ama mama yetu wa mahamri, tulikwenda naye tukachukua fomu, tukaijaza pale pale barazani, mmoja wa walimu wetu wa kike akiandika. Hakwenda kwenye mkutano. Baada ya majuma kadhaa shule ilipokea hundi iliyolipia kiasi cha nusu ya karo ya muhula. Nusu nyingine ilichangwa na kina mama wa darsa ya Alhamisi, na godoro lilitoka kwa jirani. Bado muhula wa pili na wa tatu haujulikani utalipwaje, na sisi hatuwezi kumdanganya kwamba mambo yamekwisha. Binti yuko shuleni. Katika barua yake ya kwanza nyumbani alimwambia mama kwamba anataka kuwa daktari, na kwamba ndoo aliyonunuliwa imevuja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape subira kina mama wanaolea peke yao, awafungulie watoto wao milango ya elimu yenye manufaa, na atujaalie viongozi wanaoiogopa amana. Na aliyetenda jema kwa watoto wa maskini, Mola ndiye ajuaye malipo yake.